Mtoto Ni Nani? Zamani Alipimwa kwa Kazi, Leo Hupimwa kwa Miaka

Siku ya kuchuma chai ikifika na wachumaji ni haba, mzazi humtazama mtoto wake wa miaka 11 akifunga vifungo vya shati la shule, naye hujiuliza moyoni: Je, nikimzuia leo tu, nitakuwa nimekosa? Mimi mwenyewe nilichuma nikiwa mdogo kuliko yeye. Babu yake alichunga ng'ombe kabla meno yake ya utoto hayajang'oka yote. Mbona sisi hatukuharibika?

Ndugu mkulima, swali hilo ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa makemeo. Wengi wanaolijibu husema tu kwamba sheria imekataza, basi. Ni kweli sheria ina neno lake, nasi tutalifikia. Lakini mtu huishika sheria vizuri zaidi akijua ilitoka wapi. Sheria hii ilitokana na mabadiliko makubwa ya fikira, na nyumba yako, uwe upande wa Kebirigo au huko Borabu katika mashamba ya skimu, imekwisha kuyapitia mabadiliko hayo katika maisha ya watu watatu: babu, baba na mtoto.

HAPAKUWA NA HESABU YA MIAKA

Wazee wa Abagusii hawakuhesabu umri kwa miaka. Ulipotaka kujua kijana alizaliwa lini uliambiwa alizaliwa wakati wa nzige, au wakati wa njaa fulani, au mwezi mmoja na mtoto wa jirani. Jambo lililopimwa ni daraja aliyofikia. Mvulana asiyetahiriwa alikuwa omoisia, na msichana alikuwa egesagane. Baada ya jando mvulana akawa omomura, na msichana akawa omoiseke. Mbele yao kulikuwa na ndoa, kisha uzazi, na mwisho heshima ya omogaka na omong'ina. Kumwita omomura kwa jina la omoisia lilikuwa tusi ambalo halikusahauliwa upesi.

Basi utoto ulikuwa na mwisho uliojulikana na kila mtu, na mwisho huo ulikuja mapema. Kijana aliyetoka jandoni alilala katika esaiga, nyumba ya vijana. Hakuingia tena ovyo nyumbani mwa mama yake, maana sasa alifungwa na chinsoni, yaani zile kanuni za heshima na haya baina ya wazazi na watoto. Tena, kabla serikali ya kikoloni haijaziondoa katika miaka ya 1910, kulikuwa na ebisarate, kambi za ng'ombe ambamo vijana waliishi pamoja na mifugo na kuilinda isitekwe na majirani. Kijana ambaye leo angeomba ruhusa kwa mwalimu ili aende kunywa maji, siku zile alikuwa mlinzi wa mali ya ukoo.

Msifikiri kwamba watu wa kale hawakuwapenda watoto. Walilia walipofiwa nao, na mwanamke asiye na mtoto alihuzunika kuliko maskini asiye na ng'ombe. Tofauti ni kwamba hawakuona utoto kama wakati wa pekee wa kuwekwa kando na kazi. Mtoto alikuwa mtu mdogo wa nyumba ile, naye alikuwa na sehemu yake ya mzigo kadiri ya nguvu zake.

OMORERI

Mzigo wa kwanza ulikuwa mtoto mwingine. Mama alipokwenda kulima alimwachia mchanga dada yake wa miaka sita au nane au kumi, na kama hapakuwa na dada, kaka mdogo alishika kazi hiyo. Huyo mlezi aliitwa omoreri. Alimbeba mtoto, akamtuliza, akampeleka shambani kwa mama anyonye, akamrudisha. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mlilelewa na omoreri, au mlikuwa maomoreri ninyi wenyewe.

Desturi hiyo imejulikana duniani kuliko wengi wenu mnavyodhani. Mwaka 1955 Mmarekani mmoja, Robert LeVine, alikuja Kisii pamoja na Barbara LeVine, wakakaa mpaka 1957 wakitazama jinsi watoto walivyolelewa katika mtaa ambao katika kitabu chao waliuita Nyansongo. Kazi yao ilikuwa sehemu ya uchunguzi wa mahali sita. Mengine yalikuwa katika Mexico, Ufilipino, kisiwa cha Okinawa, India, na mji mdogo wa New England huko Marekani. Habari za mahali pote sita zilitolewa katika kitabu kimoja mwaka 1963. Kisha mwaka 1975 Beatrice Whiting na John Whiting wakatoa kitabu cha kulinganisha watoto wa mahali hapo sita, wenye umri wa miaka mitatu mpaka kumi na mmoja.

Waliona nini? Waliona kwamba watoto wa Nyansongo walifanya kazi nyingi sana: kuchunga, kuteka maji, kuleta kuni, kulima, kusaga, na kulea wadogo zao. Watoto wa ule mji wa Marekani walikuwa na kazi chache, kama vile kupanga vitu vyao wenyewe. Na tabia zao zilitofautiana. Watoto wa Kisii, na pia wale wa Mexico na Ufilipino, walielekea zaidi kusaidia wengine na kushika wajibu bila kusukumwa. Watoto wa Marekani walielekea zaidi kutaka watu wazima wawatazame na kuwasaidia. Wachunguzi walieleza sababu hivi: pale ambapo mama ana kazi nyingi za shamba hana budi kugawa kazi kwa watoto, na mtoto huona kwa macho yake kwamba asipoteka maji hakuna chakula. Kazi yake ni ya kweli. Lakini mtoto anayeambiwa apange vitu vyake vya kuchezea hujua kwamba asipovipanga nyumba haitalala njaa.

Kuna uchunguzi mwingine unaofaa kutajwa hapa, maana ulifanywa kwa majirani zetu Waluo wa Oyugis, na kutolewa mwaka 1973 na Carol Ember. Yeye aliwatazama wavulana ambao, kwa kukosa dada nyumbani, walipewa kazi za wasichana kama vile kulea mtoto, kupika na kuteka maji. Aliona kwamba wavulana hao hawakuwa wagomvi kama wenzao. Baba anayesema kwamba mwanawe ataharibika akishika sufuria, na afikiri tena.

Hata hivyo msivimbe vichwa bado. Omoreri aliyefunzwa wajibu mapema alilipa bei yake. Binti aliyebeba mtoto mgongoni hakwenda shule, au alikwenda kwa kuchelewa na akatoka mapema. Na utii ule uliosifiwa ulitiwa pia kwa fimbo na kwa kutisha, jambo ambalo vitabu hivyo havikulificha.

MBONA MAMA HAKUZUNGUMZA NA MCHANGA?

LeVine alirudi Kisii pamoja na wenzake, wakafanya uchunguzi wa pili katika miaka ya 1974 mpaka 1976, habari ambazo zilitolewa katika kitabu cha mwaka 1994. Safari hii waliwalinganisha mama wa Kisii na mama wa mji wa Boston. Mama wa Kisii alimbeba mtoto sana, akamwitikia upesi alipolia, akamnyonyesha na kumtuliza. Mama wa Boston alimtazama mtoto machoni, akazungumza naye na kumwuliza maswali, ingawa mtoto hakuweza kujibu. Kwa mama wa Kisii, kumsemesha mchanga namna hiyo hakukuwa na maana, maana mchanga hajui maneno. Ataelewa akikua, na watakaomfundisha maneno ni ndugu zake.

Je, ni yupi aliyekuwa mama bora? Wachunguzi hawakusema hivyo, wala sisi hatusemi. Walisema kwamba kila mzazi hulea kwa kutazama hatari iliyo karibu. Mahali ambapo surua, malaria na kuhara huwachukua watoto wengi, kazi ya kwanza ya mama ni kumfanya mtoto aishi. Habari ya kumfundisha inaweza kungoja. Mahali ambapo mzazi ana hakika kwamba mtoto ataishi, yeye huanza mapema kufikiria shule.

Na hapo ndipo mabadiliko makubwa yalipotokea kwetu, wala hayakuletwa na hotuba. Yaliletwa na sindano ya surua, chandarua, maji safi na zahanati. Mpango wa serikali wa kuwachanja watoto wote ulianzishwa mwaka 1980. Katika hesabu za taifa za mwaka 2003, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa Kenya, 115 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika hesabu za mwaka 2022 walikuwa 41. Bado ni wengi mno. Lakini mama anayepeleka mtoto kliniki leo hafikiri kama bibi yake, na hana sababu ya kufikiri kama yeye.

Uzazi nao ukapungua. Hesabu za 1977 na 1978 zilionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8. Mwaka 2022 wastani ulikuwa 3.4. Fikiri habari hiyo kama mkulima. Watoto tisa katika shamba kubwa ni mikono kumi na minane. Watoto watatu katika shamba lililokwisha kugawanywa mara mbili ni karo tatu. Zamani mali ilipanda kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi: binti alileta ng'ombe wa mahari, na mvulana alichunga na kulima. Leo mali inateremka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, na mzazi anaomba Mungu kwamba siku moja irudi.

ULAYA NAKO

Watu wengine husema haki za mtoto ni mambo ya Wazungu. Wazungu wenyewe walianza juzi. Katika Uingereza watoto wadogo sana walifanya kazi katika viwanda vya nguo na chini ya ardhi katika machimbo ya makaa. Sheria ya mwaka 1833 ilikataza viwanda vya nguo kuwaajiri watoto wasiotimiza miaka tisa, na ile ya 1842 ikakataza wavulana wasiotimiza miaka kumi kushuka machimboni. Mtoto wa miaka kumi, basi, aliruhusiwa. Shule ikawa lazima kwa watoto wa huko mwaka 1880.

Mwanahistoria Mfaransa, Philippe Ariès, aliandika mwaka 1960 kwamba watu wa Ulaya ya kale hawakuwa hata na fikira ya utoto, na kwamba mtoto aliyeacha kubebwa alihesabiwa kama mtu mzima mdogo. Wanahistoria wengine walimpinga baadaye, wakaonyesha kwamba wazazi wa siku zile waliwapenda na kuwalilia watoto wao kama sisi. Kwa maoni yetu wapinzani wake walikuwa na haki katika habari ya mapenzi. Lakini katika habari ya kazi Ariès angalifika Gusii ya babu zetu asingalishangaa.

KIPANDE, KERICHO NA SHULE

Huku kwetu hesabu ya miaka ililetwa kwanza na kodi na kipande. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kuchukua kipande. Lakini nani alijua miaka 16? Hapakuwa na cheti cha kuzaliwa. Umri ulikadiriwa kwa macho, na kijana mrefu aliweza kuwa mtu mzima kwa kalamu ya karani, hali nyumbani bado ni omoisia. Katika miaka ya 1930 na 1940 wavulana wengi wa Kisii walikwenda Kericho kuchuma chai katika mashamba ya Wazungu. Wengine walitumwa na baba zao, wengine waliwatoroka. Mvulana aliporudi na shilingi zake na kaptura mpya, baba aliona ni shida kumwamuru kama zamani.

Shule nayo ilikuwa imeanza. Wakatoliki walijenga misheni Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakaanza Nyanchwa muda mfupi baadaye. Mwanzoni wazee walipeleka watoto wasiohitajiwa sana nyumbani, na wakati mwingine mwanafunzi wa darasa la kwanza alikuwa na ndevu. Polepole shule ikajenga daraja mpya, daraja za madarasa, na mtu akaanza kuwa mtoto kwa sababu yuko shule. Mwaka 1974 karo ya madarasa manne ya kwanza iliondolewa, na mwaka 1979 watoto wakaanza kupewa maziwa shuleni. Januari 2003 karo ya shule zote za msingi za serikali ikaondolewa. Watoto walijaa madarasani, tena si watoto peke yao: mwaka 2004 mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na miaka 84, amevaa kaptura na soksi kama wenzake.

Leo shule huanza kabla mtoto hajafika umri ule wa kuwa omoreri. Yule binti wa miaka saba aliyembeba mdogo wake yuko darasani, na yule wa miaka minne yuko chekechea. Mama wa skimu anayeamka kukamua, kisha akapeleka maziwa, kisha akaenda kwenye majani chai, amebaki peke yake na mchanga. Hili ni jambo ambalo hotuba nyingi husahau. Tulimwondoa mlezi, tukamweka shule, na hiyo ni haki. Lakini hatukumpa mama mlezi mwingine. Wengine huajiri msichana wa kazi, na mara nyingi msichana huyo ni mtoto wa mtu mwingine anayestahili kuwa shule. Hapo tumehamisha mzigo tu kutoka mgongo mmoja mpaka mgongo mwingine. Mahali ambapo wanawake wa kikundi wamekubaliana kuwakusanya wadogo nyumba moja kwa zamu siku za kuchuma, shida hii hupungua sana, na gharama yake ni ndogo.

SHERIA YASEMA NINI

Mataifa yalikubaliana juu ya Mkataba wa Haki za Mtoto tarehe 20 Novemba 1989, na Kenya iliuthibitisha mwaka 1990. Bunge lilitunga Sheria ya Watoto mwaka 2001, na mwaka huo huo fimbo ikapigwa marufuku shuleni. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kwamba kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, elimu ya msingi ya bure na ya lazima, chakula, makao na matibabu, na kulindwa kutokana na mila zenye madhara na kazi za hatari au za kunyonywa. Yasema pia kwamba baba na mama wana wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria mpya ya Watoto ilifuata mwaka 2022. Mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18. Jando halibadilishi hesabu hiyo: omomura wa miaka 12 ni mtoto mbele ya sheria.

Habari ya tohara ya wasichana tuiseme waziwazi. Tangu mwaka 2011 imekatazwa kabisa, hata ikifanywa kwa siri chumbani na mhudumu wa afya mwenye glavu na dawa. Anayefanya ana hatia, na mzazi aliyemwita ana hatia.

Katika habari ya kazi, sheria ya ajira ya mwaka 2007 yakataza kumwajiri mtoto asiyetimiza miaka 13. Wa miaka 13 mpaka 16 aweza kupewa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia shule. Sheria ya elimu ya mwaka 2013 yakataza mtu ye yote kumpa mtoto wa shule kazi inayomzuia kuhudhuria masomo. Basi jibu la swali la siku ya kuchuma chai ni hili: mtoto wa miaka 11 asibaki nyumbani, hata leo tu. Kikapu chake cha asubuhi moja ni kilo chache. Somo alilokosa laweza kuwa mlango wa masomo yote ya muhula, na mwenye kukosa kila mzunguko wa kuchuma hukosa siku nyingi kwa mwaka.

Lakini sheria haikusema mtoto asifunzwe kazi. Jioni, Jumamosi na likizo zipo. Akusanye mayai, alishe ndama, ateke maji kwa chombo cha kadiri ya umri wake, apalilie mboga, apike. Na afanye hivyo mvulana sawasawa na msichana. Mpe sungura au kuku aliye wake, na hesabu yake aandike mwenyewe. Asiguse dawa za kunyunyiza, wala asioshe bomba lililotumika. Asitie majani katika mashine ya kukata malisho, maana mashine hiyo haijui mkono wala jani.

KATIKA SKIMU HAKUNA NYANYA

Kuna jambo moja linalowahusu hasa ninyi wa mashamba ya skimu. Mashamba ya walowezi yalipogawanywa kuanzia mwaka 1962, na watu wakatoka katika sehemu zilizojaa watu kwenda Nyansiongo na kwingineko Borabu, walihama wake na waume wenye nguvu. Wazee wengi walibaki nyuma. Watoto nao wakaingia kazini upesi, maana kulikuwa na deni la shamba, na maua ya pareto hayakungoja.

Sasa kumbuka chinsoni. Baba hakuweza kuzungumza na mwanawe juu ya mambo ya mwili na ndoa, wala mama na mwanawe wa kiume. Waliosema mambo hayo walikuwa babu na nyanya, ambao mjukuu aliruhusiwa kutaniana nao na kuwauliza lo lote. Binti alilala nyumbani mwa nyanya, akafunzwa usiku. Katika skimu nyanya alikuwa mbali, na mjukuu alimwona Krismasi. Hivyo wengi walikua bila mtu wa kuwaambia. Wazazi walinyamaza kwa heshima, na mwalimu alinyamaza kwa kuogopa wazazi. Aliyesema alikuwa rafiki wa njiani, na siku hizi ni simu. Binti aliyepata mimba darasa la saba mara nyingi ameadhibiwa kwa jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyemweleza. Na ikiwa hakutimiza miaka 18, mbele ya sheria aliyekosa ni mwanamume.

Haya ya kale hayawezi kurudi yote, lakini nafasi ya nyanya yaweza kujazwa. Shangazi, mama mkubwa, mzee wa kanisa anayeaminika, jirani mzee ambaye watoto humpenda: mtu mmoja achaguliwe na wazazi, aambiwe waziwazi kwamba kazi hiyo ni yake, na mtoto aambiwe kwamba huyu aweza kumwuliza neno lo lote. Kama mzazi anaweza kusema mwenyewe, ni vema zaidi.

Kwa shida kubwa zaidi, kama vile mtoto kupigwa, kuozwa, kutoroshwa kazini au kunajisiwa, mwone chifu au ofisa wa watoto wa wilaya ndogo yako, au piga simu nambari 116, ambayo hailipishwi. Na mtoto aliyezaliwa mwaka huu aandikishwe mapema. Mama aliyejifungulia hospitalini huandikishiwa hapo hapo. Aliyejifungulia nyumbani na aende kwa naibu wa chifu akiwa na kadi ya kliniki.